Nani Mgonjwa Katika Nyumba Hii?

Katika miaka ya 1970, madaktari wa watoto mjini Philadelphia, Marekani, walikuwa na wagonjwa waliowatoa jasho. Walikuwa watoto wenye kisukari walioletwa hospitalini mara kwa mara wakiwa mahututi, damu imejaa asidi. Wakilazwa, wanatulia. Insulini ni ileile, dozi ileile, chakula kilekile, na sukari inakaa panapotakiwa. Wakiruhusiwa kwenda nyumbani, haupiti muda wanarudishwa kwa gari la wagonjwa. Madaktari walikagua namna sindano zinavyochomwa, wakakagua chakula, wakatafuta maambukizi yaliyojificha. Hawakuona kitu.

Ilibaki nyumba yenyewe.

Salvador Minuchin, daktari wa akili aliyeongoza kituo cha Philadelphia Child Guidance Clinic, alishirikiana na Lester Baker, daktari wa watoto, kuichunguza nyumba kwa njia ambayo hospitali inaiamini: kwa kupima damu. Baba, mama na mtoto walitolewa damu kidogo kidogo wakati kikao kinaendelea. Kilichopimwa ni asidi za mafuta, ambazo hupanda mtu anapopandwa na hisia, na ambazo kwa mwenye kisukari ni hatua ya kwanza kuelekea hali ile mbaya. Wazazi walianza peke yao, wakazungumzia jambo linalowagombanisha. Mtoto aliwekwa chumba cha pili, akawatazama kupitia kioo kinachomwezesha mtu kuona bila kuonekana. Baadaye aliingizwa, akaketi kati yao.

Alipokuwa akitazama ugomvi, asidi katika damu ya mtoto zilipanda. Alipoingia chumbani, zilipanda zaidi, wakati za wazazi zilianza kushuka. Kikao kilipokwisha, wazazi walikuwa wametulia, lakini damu ya mtoto ilichelewa kurudi mahali pake. Mvutano wa watu wawili ulikuwa umehamia kwenye mishipa ya mtu wa tatu, na huyo wa tatu ndiye mwenye faili hospitalini.

Waliopimwa hivyo walikuwa familia chache, na watafiti waliofuata wamesema kuwa ushahidi huo hautoshi kubeba nadharia nzima. Hata hivyo, swali lililoibuliwa na chumba kile ni kubwa kuliko kisukari. Tiba ya kisasa inaamini kwamba ugonjwa una mwenyewe: jina moja, kitanda kimoja, cheti kimoja cha dawa. Je, mtu anaishia kwenye ngozi yake? Na kama haishii hapo, mtoto anapougua au kuharibikiwa, anayepaswa kuulizwa ni nani?

Minuchin alianza kulisikia swali hilo akiwa kijana. Alizaliwa mwaka 1921 San Salvador, mji mdogo katika mkoa wa Entre Ríos nchini Argentina, katika familia ya Wayahudi waliotoka Urusi. Baba yake alikuwa mfanyabiashara. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ukaimeza biashara, akaanza kuswaga mifugo ili nyumba ile. Shuleni, mwalimu wa saikolojia alieleza wazo la mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau kwamba vijana wahalifu ni wahanga wa jamii iliyowalea. Kijana akaondoka darasani akijua anataka kufanya kazi na watoto wa namna hiyo.

Njia yake haikunyooka. Akiwa mwanafunzi wa udaktari alifungwa miezi mitatu kwa kushiriki harakati za wanafunzi dhidi ya serikali ya kijeshi iliyoingilia vyuo vikuu. Mwaka 1948 alikwenda Israel kuwa daktari wa jeshi. Akahamia New York kujifunza magonjwa ya akili ya watoto kwa Nathan Ackerman, mmoja wa waasisi wa tiba ya familia, akamwoa Patricia, mwanasaikolojia, kisha wakarudi wote Israel kusimamia makazi ya watoto: yatima walionusurika mauaji ya Wayahudi barani Ulaya, na wengine waliotoka nchi za Kiarabu na Asia. Pale aliona watoto wakiponyana kwa kuishi pamoja, bila kila mmoja kupelekwa peke yake kwa daktari. Aliporudi New York mwaka 1954 alisomea tiba ya kochi iliyotokana na mafundisho ya Sigmund Freud, ya mgonjwa kulala na kusimulia yaliyo moyoni, ambayo ilimfundisha kinyume cha hayo: mgonjwa mmoja, tabibu mmoja, mlango umefungwa.

Mafunzo hayo yaligonga mwamba Wiltwyck, alikokwenda kufanya kazi.

Wiltwyck ilikuwa shule ya bweni huko Esopus, mashambani kando ya mto Hudson, ikipokea wavulana wa miaka 8 hadi 12 walioingia matatani na sheria. Wengi walikuwa Weusi na watu wa asili ya Puerto Rico kutoka mitaa ya maskini ya jiji la New York kama Harlem. Shule haikuwa mbaya hata kidogo. Eleanor Roosevelt, aliyekuwa mke wa Rais Franklin Roosevelt wa Marekani, alikuwa miongoni mwa walioiunga mkono, na bondia Floyd Patterson, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, alipita mikononi mwake. Wavulana walifika wakiwa wakali, wakakaa, wakatulia, wakaanza kusoma. Kisha wakarudishwa jijini, kwenye chumba kilekile, kwa mama yuleyule aliyeelemewa, pamoja na wadogo zao walewale, na baada ya muda wengi walikuwa wamerudia yaleyale.

Minuchin na wenzake, wakiwemo Braulio Montalvo na Edgar Auerswald, walianza kushuku kwamba wanatibu nusu ya mgonjwa. Wakaamua kuita familia nzima. Hakuwapo mwalimu wa kuwafundisha, kwa hiyo walitoboa ukuta, wakaweka kioo cha kutazamia, wakawa wanaangaliana kazini na kusahihishana. Kikao kilikuwa na hatua tatu: kwanza wote pamoja, halafu tabibu mmoja na wakubwa na mwingine na watoto, mwishowe wote tena, ili kilichosemwa pembeni kipate kusemwa uso kwa uso. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 1967 katika kitabu Families of the Slums.

Familia hizo hazikuwa na mazoea ya kukaa na kuchambua hisia zao kwa maneno mazuri. Zilipiga kelele, zilikatizana, watoto walirukaruka. Tabibu wa kochi angesema hawafai kutibiwa. Minuchin alibadili tiba yake badala ya kuwabadili wagonjwa: kama hawaelezi, na watende. Mama akianza kumsimulia jinsi mwanawe asivyomsikiliza, alimkatiza: mwambie yeye, si mimi. Mtoto akiulizwa jambo na mama akajibu kwa niaba yake, aliinua mkono. Alitazama nani amekaa karibu na nani, kisha akawahamisha viti: wazazi wakae wakitazamana, mtoto atoke katikati. Alijiunga na familia kama mgeni mchangamfu, akacheka nao, akafuata lafudhi na mwendo wao, na akishakubalika anaanza kuvuruga mpangilio. Walioshuhudia kazi yake wanamkumbuka kwa wepesi huo wa kuwa rafiki na mchokozi kwa wakati mmoja.

Kilele cha uchokozi wake kilikuwa chakula cha mchana. Baada ya kushika uongozi wa kituo cha Philadelphia mwaka 1965, alianza kupokea wasichana wenye anoreksia, maradhi ya kujinyima chakula hadi mwili kubaki mifupa. Alialika familia nzima ofisini wakati wa kula. Sahani zikishafika, kazi ilikuwa ya wazazi: mtoto wenu anakufa na njaa, mlisheni. Mara nyingi mambo yalikwenda hivi. Mama anabembeleza, kijiko kimoja tu. Baba anakaripia kwamba mchezo sasa umezidi. Mama anamgeukia baba, asimtishe mtoto. Baba anasusa na kutazama pembeni. Binti hajagusa kitu, na tayari chumba kizima kinazunguka sahani yake. Kila mzazi alikuwa anabomoa alichojenga mwenzake, na mtoto dhaifu kuliko wote ndiye aliyeshika usukani. Hapo tabibu anaingilia, wakubwa wawe na kauli moja.

Katika kitabu cha mwaka 1978, Minuchin, Baker na mtafiti mwenzao Bernice Rosman waliripoti kuwa kati ya wagonjwa 53 wa anoreksia, asilimia 86 walipona. Hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo, jambo ambalo wakosoaji hawakuliacha lipite.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, wazo kwamba ugonjwa wa mmoja ni jambo la wengi halina ugeni. John Mbiti, mwanatheolojia kutoka Kitui, alilifanya kuwa kiini cha maelezo yake kuhusu nafsi ya Mwafrika katika kitabu cha mwaka 1969: mtu yupo kwa sababu wenzake wapo. Hata tiba ya namna hiyo si ngeni. Victor Turner, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wandembu wa kaskazini-magharibi mwa Zambia ya leo mwanzoni mwa miaka ya 1950, ameeleza kwa kirefu kazi ya mganga aitwaye Ihembi. Aliitwa kumtibu mwanamume aliyedhoofika, mwenye maumivu na moyo kwenda mbio, ambaye pia hakuwa akielewana na watu wa kijiji chake. Ilisemekana jino la mwindaji aliyekufa limeingia mwilini mwake. Mganga alimchanja na kumuumika kwa pembe, ngoma zikilia. Jino lisipotoka, ngoma husimama, na watu huitwa mbele waseme kinyongo walicho nacho juu ya mgonjwa. Mgonjwa naye husema chake. Kisha pembe hubandikwa tena. Jino lilionyeshwa hadharani baada ya kijiji kumaliza kusema. Turner aliona kwamba mganga yule alikuwa akilitibu kundi kuliko anavyomtibu mtu mmoja.

Ukimweka Ihembi kando ya Minuchin, kufanana kwao kunaonekana mara moja. Wote wawili walikusanya watu, wakawalazimisha waambiane wao kwa wao, wakakataa kumtenga mgonjwa na waliomzunguka. Ila Ihembi alikuwa na kitu ambacho Minuchin hakuwa nacho. Alikuwa na jino.

Jino lile lilibeba lawama. Aliyemuumiza mgonjwa, kwa mujibu wa ibada, alikuwa marehemu mwenye njaa ya kukumbukwa. Wanakijiji waliweza kukiri vinyongo vyao bila yeyote kutajwa kuwa ndiye aliyemroga au kumharibu. Walipewa wajibu wa kuponya pasipo kubandikwa hatia ya kuugulisha. Katika ofisi ya Philadelphia hapakuwa na marehemu. Ukisema ugonjwa haumo ndani ya mtoto bali kati ya watu, na watu hao ni baba na mama waliokaa hapo mbele yako, kidole kinaelekea wapi?

Swali la kidole ni la zamani. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi wanampita kipofu wa kuzaliwa na kumuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, kipofu mwenyewe au wazazi wake. Wamempa milango miwili tu, naye anakataa yote miwili, kisha anashughulika na macho ya mtu yule. Kurani nayo inarudia katika sura kadhaa kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine, na nabii Ezekieli, sura ya 18, anakanusha kwamba mwana hulipa makosa ya baba. Mafundisho hayo hayakanushi kwamba wazazi huwaathiri watoto. Kila mwenye macho anaona. Yanakataza kuugeuza uhusiano kuwa mashtaka.

Tiba ya familia ilijikwaa hapo hapo, na aliyeumia zaidi ni mama. Msamiati wa Minuchin ulikuwa na familia zilizonatana mno na familia zilizoachana mno. Mara nyingi aliyeonekana kunatana na mtoto alikuwa mama, na dawa ikawa kumsogeza kando ili baba aliyekuwa mbali aingie na mamlaka yake. Deborah Luepnitz, mwanasaikolojia aliyefanya kazi katika kituo hichohicho cha Philadelphia, aliukosoa mtindo huo katika kitabu chake cha mwaka 1988, The Family Interpreted. Mama amenatana na mtoto kwa sababu kazi yote ya kulea ameachiwa yeye. Kumwita baba ni sawa, lakini kumwita kama mwokozi ni kumlaumu mfanyakazi kwa kuwa kazini. Kiswahili chenyewe hakina usafi wa kujivunia katika jambo hili. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, tunasema, na katika methali hiyo baba hatafutwi kabisa.

Mwaka 2010, chama cha kimataifa cha wataalamu wa matatizo ya ulaji, Academy for Eating Disorders, kilitoa tamko linalopinga nadharia yoyote inayoiona familia kuwa chanzo kikuu cha anoreksia. Mtu angetarajia kwamba chakula cha mchana cha Minuchin kingezikwa siku hiyo. Hakikuzikwa. Tangu miaka ya 1980, matabibu wa hospitali ya Maudsley, London, walikuwa wamekwisha kukichukua kikao cha mlo, wazazi wakiwa walewale na sahani ileile, na kukifanya sehemu ya tiba ambayo sasa inapewa nafasi ya kwanza kwa vijana wenye maradhi hayo. Walichokiacha ni maelezo ya chanzo. Wazazi wanaambiwa tangu siku ya kwanza kwamba hawakusababisha ugonjwa huu, na kwamba hakuna aliye na nafasi nzuri kuliko wao ya kumlisha mtoto hadi apone. Ugonjwa unazungumziwa kama mvamizi aliyemshika binti. Kwa namna yao, Walondoni wamemrudishia mganga jino lake.

Hapo ndipo kazi ya Minuchin inapotoa jibu ambalo yeye mwenyewe hakulitoa waziwazi. Chanzo na wajibu ni vitu viwili. Mzazi anaweza kuwa sehemu kubwa ya tiba bila kuwa sehemu yoyote ya kosa, na mshauri nasaha anayetafuta mkosaji kabla ya kutafuta msaidizi atawapoteza wote wawili.

Kuna upande mwingine wa kazi yake ambao unaigusa Afrika Mashariki kwa ukali zaidi. Marekani ilihitaji kuambiwa kwamba mtoto si kisiwa. Huku kwetu hakuna aliyewahi kudhani ni kisiwa. Hatari ni kwamba anaweza kuzama katika wengine hadi asionekane. Mtoto akishindikana, kikao huitishwa. Wajomba wanakuja, shangazi anakuja, pengine na shehe au mchungaji. Mtoto anayejadiliwa ama hayumo, ama yumo ameinamisha kichwa, akisubiri hukumu. Hata taasisi rasmi zina sura hiyo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inawataka wanandoa, kwa kawaida, wapite kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kudai talaka mahakamani, na Kurani katika Surat An-Nisaa inashauri mpatanishi mmoja atoke upande wa mume na mmoja upande wa mke. Ni busara iliyotulia. Lakini katika mpango huo hakuna anayetoka upande wa mtoto.

Minuchin alipomhamisha mtoto kiti, alikuwa anafanya mambo mawili. Alimtoa katikati ya vita vya wazazi, na alimpa mahali pake pa kusemea. Mpaka, katika matumizi yake, haukuwa ukuta wa kuwatenga watu. Ulikuwa nafasi ya kutosha ili baba azungumze na mwana na mwana ajibu, pasipo mtu wa tatu kuzungumza juu yao. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Kuiweka haki hiyo ndani ya kikao cha wazee, bila kuvunja heshima ya wazee, ni kazi ya mikono zaidi kuliko ya karatasi, na tabibu aliyejua kuhamisha viti ana la kufundisha.

Si lazima mwenye kazi hiyo awe na shahada. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Minuchin, Montalvo na tabibu mwenzao Jay Haley walianza kuwafunza watu wa kawaida wa mitaa ya maskini wa Philadelphia kuwa washauri wa familia, wakiwasimamia kutoka nyuma ya kioo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la JAMA Psychiatry ulifuata njia inayokaribiana na hiyo huko Moshi na Bungoma: watoto 640 waliofiwa na mzazi au wazazi, baadhi yao wakihudumiwa na washauri wa kawaida waliopewa mafunzo, walezi wao wakiwa na vikao vyao sambamba. Tiba ilipokwisha, katika maeneo matatu kati ya manne ya utafiti, ya mjini na ya vijijini, waliohudumiwa hivyo walikuwa wamepata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Minuchin alifariki mwaka 2017 akiwa na miaka 96. Katika uzee wake alirudi kufanya kazi na watoto maskini wa New York waliochukuliwa na serikali na kukabidhiwa kwa walezi wengine, akishinikiza mashirika yawakutanishe walezi hao na wazazi waliozaa. Mwaka 2022 Kenya ilizindua mkakati wa miaka kumi wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha katika familia na jamii. Maelfu ya watoto watasafiri njia waliyosafiri wavulana wa Wiltwyck, kutoka bweni lenye ratiba kwenda nyumba iliyowahi kushindwa kuwaweka. Afisa ustawi anayebisha hodi akiwa na mtoto mmoja mkononi atakuta ndani bibi aliyechoka, mjomba asiye na kazi, na ndugu walioshazoea kugawana kitanda bila yeye. Fomu aliyoibeba ina nafasi ya jina moja.